Video za Giza za Mshenga wa Kasulo

Siku hizi mtu akitajwa kuwa mshenga, watu humfikiria yule mwenye suti na maneno ya kuchekesha, anayesimama sebuleni kwa wakwe siku ya kupeleka posa. Xavery wa Kasulo hakuwa mshenga wa namna hiyo. Kazi yake ilitangulia posa, na haikuwa na shangwe. Alitumwa kuichunguza nyumba ambayo kijana alitaka kuoa. Je, kuna udugu wa damu uliosahaulika? Kuna ugonjwa wa ukoo, wizi, ugomvi wa mashamba ambao haukuwahi kwisha? Alikwenda kwa miguu, akakaa na majirani wa nyumba ile, akakaribishwa pombe ya ndizi, akasikiliza zaidi ya alivyouliza.

Aliporudi kwa waliomtuma aliwapa neno moja tu. Akisema "Nendeni," posa ilipelekwa. Akisema "Tulieni," kijana alitafutiwa kwingine. Sababu hakutoa. Baba wa kijana angeweza kumbembeleza mpaka jua lizame, angeweza hata kumtukana, Xavery angemaliza kinywaji chake, angeaga na kwenda zake. Hivyo ndivyo wazee wa vijiji vile walivyoitaka kazi ifanyike, na kwa sababu hiyo majirani walimwambia ukweli. Walijua kwamba mambo ya nyumba ya mtu yakiingia kwake hayatoki.

Nayataja haya mapema ili msomaji aelewe ukubwa wa kilichovunjika. Mtu huyu hakuwa na cheo wala shule kubwa. Alikuwa na shamba la migomba, mbuzi wachache, mke aliyekwisha kufariki, na binti mmoja, Suzan, aliyeolewa Mwanza. Mali yake hasa ilikuwa mdomo uliofungwa.

Alipozeeka, kumbukumbu ilianza kumtoroka. Mara moja alikwenda kumchunguza binti ambaye alikuwa ameolewa tangu mwaka uliotangulia, na majirani wakamtazama kwa huruma. Mara nyingine alichanganya habari za nyumba mbili, akawa karibu kusema "Tulieni" mahali palipostahili "Nendeni". Hakumwambia mtu. Angeweza kuiacha kazi kwa heshima, watu wangempigia makofi, wakamtafuta mwingine. Badala yake aliuficha udhaifu wake, na hapo ndipo alipotafuta msaada wa simu.

Suzan alikuwa amemtumia fedha za kununua simu ya kupangusa ili waonane uso kwa uso wanapozungumza. Xavery aliinunua kwa fundi mmoja pale Benaco, kwenye njia panda ya magari makubwa yanayokwenda mpaka wa Rusumo. Fundi aliifungua, akaanza kuulizwa maswali na simu yenyewe.

"Mzee, una barua pepe?"

"Nina sanduku la posta la parokia."

Fundi alicheka. "Siyo hiyo. Anwani ya kwenye mtandao. Simu inaitaka ndipo ifunguke."

"Basi sina."

"Usijali. Nakuwekea hii ya kwangu. Nawawekea wote hii hii, haijawahi kuleta shida."

Xavery alimshukuru. Nani angemlaumu? Hakujua kwamba akaunti ile ndiyo kabati ambamo simu huweka picha, video na majina ya watu bila kumwambia mwenyewe. Wala hakujua kwamba nusu ya waliouziwa simu na fundi yule, kutoka Kasulo hadi Mbuba, walikuwa wamepewa ufunguo wa kabati hilo hilo. Fundi alijua, au alipaswa kujua. Kumfungulia kila mteja akaunti yake kungemchosha, kwa hiyo aliwachanganya watu kama mtu anayemwaga maharage ya wakulima wengi katika gunia moja. Uvivu wa namna hiyo ni dhuluma, hata kama anayeufanya ni mchangamfu na anakupa kava la bure.

Sehemu ya kurekodi sauti Xavery hakuiona. Alichokijua ni kamera, na kwenye kamera alijua mahali pa kubonyeza ili ichukue video. Basi akawa anafanya hivi: akikaribia nyumba anayokwenda, anaiwasha video, anaitia simu kwenye mfuko wa shati, anaingia na kuamkia. Akirudi nyumbani anaisikiliza. Picha ilikuwa giza tupu la ndani ya mfuko, lakini maneno yalisikika vizuri, na kikohozi chake mwenyewe kilisikika zaidi. Alifurahi. Kumbukumbu yake ilikuwa imerudi, na hakuna aliyejua kwamba iliwahi kuondoka.

Waliozungumza naye hakuwaambia. Alijiambia kwamba simu ni yake, mfuko ni wake, na mdomo wake bado umefungwa.

Kisha Hategekimana, mkulima wa Mbuba, akamtuma. Kijana wake Danstan alikuwa amempenda Happy, binti wa Clotilda, mjane wa pale Kasulo. Happy alikuwa fundi cherehani, anajulikana kwa adabu na kwa ucheshi, na hakukuwa na mtu aliyemsema vibaya. Xavery alikwenda kwa Restuta, mwanamke mzee aliyekuwa jirani wa Clotilda na mama wa ubatizo wa Happy. Restuta alimkaribisha kiti.

"Xavery, haya nakwambia wewe kwa sababu ni wewe," alisema. "Happy si wa tumbo la Clotilda."

Xavery aliweka chini kikombe chake.

"Kambi ya wakimbizi ya Lukole ilikuwa bado ipo. Alikuwapo mwanamke wa Burundi, Ntirampeba, akija kupalilia mahindi yangu na mtoto mgongoni. Akaugua. Alifia jikoni kwangu, pale pale unapopaona. Clotilda alikuwa ametoka kuzika kichanga chake, kifua kimejaa maziwa. Alimchukua yule mtoto akamnyonyesha, hakumrudisha tena. Mumewe alikubali, mimi nikamsimamia ubatizo. Wengine waliojua wamekwisha kufa. Mtoto mwenyewe hajui."

"Na ndugu wa mama yake?"

"Hakuna aliyekuja kuuliza. Kuna maneno Ntirampeba aliniachia ya mtoto wake. Hayo hayahusu posa. Hayo nitayasema siku yake."

Xavery alirudi nyumbani akayasikiliza maneno hayo, akayapima. Udugu wa damu na nyumba ya Hategekimana haukuwapo. Ugonjwa wa ukoo haukujulikana. Mtoto alikuwa amelelewa na mama aliyemnyonyesha, na hakuwa na kosa lolote. Alikwenda Mbuba akasema, "Nendeni." Posa ikapelekwa, mahari ikakubaliwa, kamati ya harusi ikaundwa, na Happy akaanza kujishonea nguo zake mwenyewe.

Katika miezi ile Xavery alikuwa akilalamika kwamba bando la simu yake linakwisha kabla hajalitumia. Alidhani kampuni ya laini inamwibia. Kumbe zilikuwa ni video zile zinasafiri.

Siku ya mnada, Sabiti alimwita. Sabiti aliuza nguo za mitumba pale Benaco, mtu wa kelele na utani, na simu yake aliinunua kwa fundi yule yule.

"Mzee Xavery! Njoo kwanza. Tangu lini umeanza kutoa filamu?"

"Filamu gani?"

"Zako hazina picha, ila maneno yake matamu kuliko hizi za Dar." Waliokuwa wakichagua suruali wakacheka. Sabiti alishusha sauti, akamwonyesha simu. "Hizi giza zilikuwa zinajaa kwangu, mimi nikidhani simu imepata ugonjwa. Nilikuwa nazipita tu. Juzi nikaongeza sauti. Ukakohoa, nikasema, lahaula, kikohozi hiki nakijua!"

Akabonyeza. Kwanza kukatoka mkwaruzo wa kitambaa, kisha sauti ya Restuta: *Xavery, haya nakwambia wewe kwa sababu ni wewe.*

Xavery aliinyakua simu ile akaifunika kwa viganja vyake kama mtu anayezima moto.

"Umemwonyesha nani?"

"Aa, mzee, taratibu, utanivunjia kioo."

"Sabiti, nakuuliza kwa heshima. Umemwonyesha nani?"

Utani ulimtoka Sabiti usoni. "Nimemrushia mtu mmoja tu. Rafiki yangu. Nilimwambia asimrushie mtu."

Mtu mmoja tu. Kila anayerusha humrushia mtu mmoja tu. Tunazungushia viwanja vyetu senyenge na milango tunaipiga komeo, kisha siri ya binti wa mtu tunaitoa kwa kidole gumba, tukicheka, katikati ya marundo ya suruali. Na ielezwe wazi ni kitu gani kilikuwa hatarini. Happy angeweza kuujua ukweli wa kuzaliwa kwake kutoka kwa wanaomcheka kabla ya kuusikia kwa wanaompenda. Ndoa yake ingeweza kuvunjika. Tena katika wilaya ya mpakani, neno "huyu si wa hapa" likishatamkwa humfuata mtu mpaka kwenye dirisha la kuombea kitambulisho, akaambiwa alete ushahidi wa babu ambaye hakuwahi kuwa naye.

Xavery alikwenda moja kwa moja kwa fundi.

"Umenifanyia nini?"

Fundi aliangalia, akakuna kichwa. "Mzee, hiyo ni ya kawaida. Hata mimi naona picha za watu humo. Nazipita tu."

"Unaziona?"

"Siziangalii kwa ubaya."

"Zitoe basi za kwangu."

"Nikigusa humo nitafuta hata za wenzako, watu wanapiga picha za misiba, za watoto. Watanipiga mawe. Wewe acha kurekodi, basi imekwisha."

Kwa kiburi chake chote, hilo la mwisho alilisema kweli.

Suzan, alipopigiwa, alimwambia baba yake kwamba yuko mwanamke Biharamulo mjini anayezifahamu simu kwa ndani, ambaye hata manesi humpelekea zao. Xavery alisafiri, akaipita Nyakahura na Lusahunga bila kuona kitu dirishani, akaulizia duka la Abdulkarimu. Lilikuwa duka la vitambaa la familia iliyokuja kufanya biashara kutoka pwani zamani za babu zao. Kwenye baraza ya duka palikuwa na meza yenye bisibisi na taa ndogo, na nyuma yake ameketi Fathiya, binti wa mwenye duka, ushungi wake umebanwa vizuri ili usiguse risasi ya kuchomelea.

"Shikamoo mzee. Karibu kiti. Simu imeanguka au imeingia maji?"

"Marahaba mwanangu. Simu nzima. Mgonjwa ni mimi."

Fathiya aliipokea, akaanza kupangusa. Akakunja uso.

"Hawa maharusi ni wakina nani?"

"Siwajui."

"Na huyu mtoto anayeogeshwa kwenye beseni?"

"Simjui."

"Nao hawakujui, lakini wana vya kwako kama wewe ulivyo na vya kwao. Ndiyo mchezo wa kuwekewa akaunti ya fundi. Kila wiki wananiletea." Akaziona video za giza, moja baada ya nyingine, akataka kubonyeza. Xavery akauweka mkono wake juu ya kioo.

"Usifungue."

Fathiya alimtazama, akautoa mkono wake. "Sifungui. Nikizifuta hapa, zitafutika kwenye akaunti, lile kabati lenu la pamoja, na kwenye simu za wote. Nitazitoa hata kwenye pipa la taka. Lakini nakala ambayo mtu amekwisha kumrushia mwenzake, hiyo sina namna ya kuifikia. Nifute?"

"Futa."

Alifuta za giza tu, akiacha maharusi na mtoto wa watu. Kisha Xavery akamuuliza kama kuna simu isiyofanya usaliti wa namna hiyo.

"Ipo njia," Fathiya alisema. "Kuna mifumo huria ya kuendeshea simu. Programu yake imeandikwa wazi, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuisoma na kuikagua, siyo mali ya kampuni moja inayoficha inachofanya. Haidai akaunti ndipo ifunguke. Picha inabaki ndani ya simu mpaka wewe mwenyewe uitume. Hii yako haikubali, walioitengeneza wameifunga. Ninayo hii iliyotumika, ina mkwaruzo, lakini imekubali. Tukibadilishana utapiga simu, utatuma fedha kwa namba za nyota na reli kama kawaida. Programu nyingine za benki zitakukatalia."

"Benki sina. Basi nitakuwa salama?"

"Nusu. Kampuni ya laini bado itajua uko karibu na mnara gani. Na mzee..." Alisita, kwa kuwa mbele yake ameketi mtu wa umri wa baba yake. "Naomba usinielewe vibaya. Hao waliokuwa wakizungumza humo, walijua kwamba unawarekodi?"

Barabarani mtu alikuwa akiuza viazi kwa kupiga kelele, na ndani ya duka mzee Abdulkarimu alikuwa akichana kitambaa kwa mteja.

"Hawakujua," Xavery alisema.

"Hilo mfumo hauwezi kulitibu," Fathiya alisema kwa upole, akaanza kazi.

Sina neno la kuongeza juu ya la binti huyo, ila kwamba wengi wetu tungemkasirikia. Tunapenda kusikia kwamba ubaya umo ndani ya kifaa, na kwamba kifaa kikibadilishwa tumetakasika. Fundi wa Benaco alikosa, Sabiti alikosa, na wenye kutengeneza simu zinazobeba vitu vya mtu bila kumwuliza kwa lugha anayoielewa nao wana la kujibu. Lakini aliyeiweka sauti ya Restuta mfukoni bila ruhusa yake alikuwa Xavery.

Aliporudi alikuta ujumbe kwamba anaitwa Mbuba. Hategekimana hakumpa kiti.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia nendeni!"

"Hata leo nikiulizwa nitasema nendeni. Binti ni mzuri na nyumba iliyomlea ni nzuri."

"Sikukutuma unichagulie la kujua na la kutojua."

"Ndivyo ulivyonituma. Baba yako naye alinituma hivyo hivyo nilipokwenda kukuchunguzia mke."

"Baba yangu alimtuma mtu mwenye mdomo mmoja," Hategekimana alisema. "Wewe una mmoja usoni na mwingine mfukoni. Sasa nitajuaje umesema nini juu ya nyumba yangu, na nani anasikiliza? Harusi isubiri. Na wewe usiingie tena hapa kwa kazi hiyo."

Xavery alipokea, kwa maana alistahili. Danstan, kijana mwenyewe, alimsindikiza mpaka barabarani. Walipofika alisema, "Mzee, mwambie Happy nitakuja mwenyewe. Simu sitapiga." Akageuka akarudi.

Kwa Clotilda, Xavery alienda akiwa amejiandaa kuomba jambo gumu: kwamba mama amwambie binti yake kabla wengine hawajamwambia. Alimkuta uani akipepeta maharage. Clotilda hakumwamkia.

"Simama hapo hapo," alisema. "Mtu wa kuja kwangu siku hizi hutoa kwanza vitu vilivyomo mfukoni."

"Clotilda, nimekuja kukuomba—"

"Umechelewa."

Happy alitoka ndani. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni mwake, na macho yalikuwa yamevimba. Alipiga goti kidogo, kama alivyofundishwa tangu utoto.

"Shikamoo babu."

Xavery akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu."

"Nimekusikia kwenye kundi la kamati ya harusi. Mtu aliiweka pale wanapotangaza michango. Niliona giza, nikadhani imekosewa, nikaibonyeza. Nilisikia unakohoa. Nikamwita mama, nikamwambia njoo usikie, babu Xavery anatutania."

Clotilda aliuweka ungo chini, maharage yakamwagika pembeni.

"Nimeifuta," Xavery alisema. "Nimekwenda mpaka Biharamulo. Kwenye lile kabati haipo tena, na simu hii ni nyingine, ya mfumo huria, haibebi kitu cha mtu—"

"Umeifuta?" Happy alimkatiza. "Ile yote, nzima?"

"Nzima."

"Aliyeirusha kwenye kundi alikata mwisho, inaishia mama Restuta anaposema kuna maneno niliyoachiwa. Nilitaka kuja kwako nisikie yaliyobaki." Sauti yake ilipanda. "Jina la yule aliyenizaa nimelisikia mara moja tu maishani mwangu, na nimelisikia kwenye kitu ambacho watu wanakitumia kunicheka. Cha kwako ndicho kilichokuwa kizima, umekifuta!"

Xavery alimweleza kwamba mwisho ule haukuwa na zaidi, kwamba Restuta alisema maneno hayo atayasema siku yake, akaishia hapo. Happy aliuvua utepe shingoni, akaukunja.

"Basi leo ndiyo siku yake. Nipeleke."

"Danstan amesema atakuja mwenyewe."

"Nimesikia. Nipeleke kwanza kwa mama Restuta."

Wote wawili walimgeukia Clotilda. Yeye aliinama akaanza kuokota maharage yaliyomwagika, punje moja moja, bila kuinua uso. "Nenda," alisema. "Mimi sikukuficha kwa ubaya. Niliogopa watakuja kukudai. Nenda, ukimaliza urudi, nimeshabandika chungu."

Nyumba ya Restuta ilikuwa ng'ambo ya migomba michache tu, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa, jambo ambalo halikuwa kawaida mchana. Tangu habari ile itoke, mwanamke huyu alikuwa hasemi na mtu. Kanisani alikaa nyuma. Mama wenzake wa jumuiya walipokuja kusali kwake, aliwaacha wasali, akawashukuru, hakutia neno. Mara moja tu maishani mwake aliisema siri hiyo, tena kwa mtu aliyetakiwa kuisikia, na sauti yake ikageuzwa kichekesho cha mnadani.

Xavery alibisha hodi. Restuta alifungua nusu ya mlango, akamtazama Happy. Kisha akamwona Xavery, na uso wake ukakunjamana.

"Simu zenu," alisema.

Nje ya mlango palikuwa na jiwe la kunolea mapanga. Happy aliiweka simu yake pale. Xavery alitoa ya kwake, lakini aliishika kidogo.

"Restuta, hii si ile. Hii haina akaunti ya mtu. Fundi amenihakikishia, haipeleki kitu popote—"

"Iweke."

Aliiweka juu ya jiwe, karibu na ile ya Happy. Akakung'uta mifuko ya shati lake mbele ya Restuta, ya kulia na ya kushoto, akaionyesha kuwa ni mitupu. Akapiga hatua kuingia.

Restuta alinyoosha mkono akauweka kwenye kizingiti, mbele ya kifua chake.

"Na wewe," alisema. "Wewe kaa nazo."

Happy aliinama akapita chini ya mkono ule. Mlango ukafungwa, na komeo likasikika.

Xavery aliketi kando ya jiwe. Kutoka pale aliweza kusikia kwamba ndani kuna mtu anazungumza, polepole, kwa Kirundi kilichochanganyika na Kihangaza cha wenyeji wa pale, kisha mtu mwingine akaanza kulia. Maneno yenyewe hayakumfikia. Kwa miaka mingi angekaza sikio, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliinuka, akazichukua simu zote mbili kwa uangalifu, akasogea nazo mpaka kwenye migomba, mahali ambapo hata sauti haikufika, akaketi huko kuzichunga.